Masaa mangapi ya mazoezi yanatosha kabla ya mtihani wa kuendesha gari?

UsukaniMpya

Habari wakuu. Kila anayeulizwa swali hili anataja namba yake: huyu masaa kumi, yule hamsini, mwingine anasema wiki mbili zinatosha. Tuliweke sawa hapa.

Chukulieni mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Gari ni la gia za mkono. Mtihani wa vitendo una sehemu mbili: uwanjani kwenye koni (kurudi nyuma, kupaki, kuondoka mlimani), halafu barabarani na mtahini pembeni. Nafasi ya mazoezi ni mara tatu kwa wiki. Ajipangie masaa mangapi, na ayagawe vipi? Wataalamu mshuke na maelezo, siyo "inategemea na mtu".

GiaYaTatu

Inategemea na mtu.

Basi, natania. Kwa makadirio yangu, manyuali ni masaa 35 hadi 45, otomatiki 25 hadi 30. Ila tukubaliane kwanza saa ni nini. Saa ni dakika 60 wewe ukiwa kwenye usukani na gari linatembea. Wanafunzi watatu wakipanda gari moja kwa saa moja, kila mmoja amepata dakika 20, na hapo bado hujatoa muda wa kubadilishana viti. Ndiyo maana utasikia mtu "amemaliza kozi ya masaa 30" na klachi bado inamshinda. Alichomaliza kwa mikono yake ni kama masaa kumi, mengine alikuwa abiria.

KiooChaPembeni

Naongezea upande wa sheria, maana baadhi ya nchi zimeandika namba kabisa.

New South Wales kule Australia, mwanafunzi aliye chini ya miaka 25 hujaza daftari la masaa 120, na 20 kati ya hayo ni ya usiku. Saa moja na mwalimu mwenye leseni ya kufundisha huhesabiwa kama masaa matatu, mwisho masaa kumi ya namna hiyo. California kwa walio chini ya miaka 18 ni masaa 50, kumi yakiwa ya usiku. Ujerumani wamechagua njia nyingine: hawahesabu jumla, wanalazimisha aina ya safari. Kuna safari maalumu 12 za dakika 45 kila moja, yaani 5 za barabara za nje ya mji, 4 za barabara kuu ya kasi na 3 za gizani.

Binafsi naona Wajerumani wameuliza swali zuri zaidi. Mtu anaweza kuzunguka mtaa uleule masaa 120 na asikutane hata mara moja na makutano yenye taa.

GiaYaTatu

Sawa mkuu, lakini hizo 120 zisimtishe mleta uzi. Zimewekwa ili kijana asipate ajali miezi ya mwanzo akiwa peke yake. Kupita mtihani ni kizingiti cha chini kuliko hapo.

MwalimuWaKoni

Mleta uzi, nakupa mgawanyo. Nachukua masaa 40, mara tatu kwa wiki, kila kipindi kama dakika 75. Hiyo ni wiki kumi na moja hivi.

Masaa 5 ya kwanza: sehemu tupu, tambarare. Kukaa, klachi, kuondoka, kusimama, gia ya kwanza na ya pili, usukani. Usiguse barabara yenye magari hapa. Akili inayotafuta klachi haina nafasi ya kuona mtu anayevuka.

Masaa 8: barabara tulivu. Gia zote kupanda na kushuka, kona za kushoto na kulia, kusimama kwenye alama, mlima.

Masaa 8: uwanjani. Kurudi nyuma moja kwa moja, kurudi na kona, kupaki kwa namna zote zilizoandikwa kwenye mtihani wako. Usiyafanye yote mfululizo. Weka dakika 20 hadi 30 mwanzoni mwa kila kipindi kuanzia wiki ya tatu, kisha toka barabarani. Kurudi nyuma kwa saa nzima kunachosha shingo na macho, na ukishachoka unaanza kujifunza makosa.

Masaa 13: barabara zenye shughuli. Taa, vipilefti, kubadili leni, kuingia barabara kuu, vivuko, mvua ikitokea, na angalau masaa mawili ya usiku hata kama mtihani ni wa mchana.

Masaa 6 ya mwisho: mitihani ya majaribio na kurekebisha yaliyojitokeza.

Mgawanyo huu siyo msahafu. Kama hatua haijakaa, usisonge eti kwa sababu masaa yake yameisha. Kipimo changu ni kitendo kifanyike safi mara tano mfululizo bila mwalimu kufungua mdomo. Ukikosea ya nne, unaanza kuhesabu upya. Mlima unaweza kukaa ndani ya dakika 40 kwa mmoja na ukachukua vipindi vinne kwa mwingine, na wote wakapita mtihani siku moja.

UsukaniMpya

Asante sana mwalimu. Hapo kwenye masaa 5 ya klachi ndipo penye mtihani wenyewe. Gari linazima au linaruka kama chura. Tatizo hasa ni nini?

SahaniYaKlachi

Tatizo ni mguu kuachia haraka kuliko injini inavyoweza kupokea mzigo.

Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta inazunguka kama mara 700 hadi 900 kwa dakika, wakati magurudumu yamesimama. Klachi ndiyo inayokutanisha vitu hivyo viwili. Ukiachia polepole, sahani inateleza kidogo huku ikishika na gari linaanza kusogea. Ukiachia ghafla, magurudumu yanaivuta injini chini, mizunguko inashuka kupita inayoweza kuvumilia, inazima. Kuruka kama chura ni hapo katikati: inakaribia kuzima, inajiokoa, inakaribia tena.

Zoezi lenyewe, sehemu tambarare, BILA kugusa mafuta:

1. Kanyaga klachi hadi mwisho, weka gia ya kwanza, shusha hendibreki, mguu wa kulia juu ya breki.
2. Kisigino cha kushoto kiguse sakafu kama urefu wa mguu unaruhusu. Pandisha klachi kidogo kidogo hadi mlio wa injini ubadilike uwe mzito na pua ya gari itikisike kidogo. Hapo imeshika.
3. GANDA. Hesabu tatu. Toa mguu kwenye breki, gari litasogea lenyewe mwendo wa konokono.
4. Likishatembea mita tatu au nne ndipo umalizie kuachia.
5. Kanyaga klachi, kanyaga breki, simama. Rudia.

Mara ishirini, pumzika, mara ishirini tena. Watu wanaoanza na mafuta wanaficha kosa la klachi kwa kelele za injini, kisha wakifika kwenye foleni linajitokeza. Gari dogo la petroli kwenye tambarare huondoka bila mafuta kabisa, na dizeli ndiyo rahisi zaidi.

Hatua ya 3 ndiyo inayorukwa. Mtu akihisi gari limeanza kusogea anadhani kazi imeisha, anatoa mguu. Hizo sekunde mbili za kuganda ndizo zinazotenganisha anayezima na asiyezima.

Ukisikia harufu ya kuungua, sahani imeteleza kwa muda mrefu mno. Acha ipoe dakika kumi. Kawaida inatokana na kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki.

DadaWaRivasi

Na huo mlima wenyewe, mpangilio ni upi? Kuna wanaofundisha kwa hendibreki na wanaofundisha kwa breki ya mguu.

SahaniYaKlachi

Kwa mtihani tumia hendibreki, dada, kama gari lina hendibreki ya mkono. Ina nafasi kubwa ya kusamehe makosa.

Hendibreki juu. Klachi chini, gia ya kwanza. Mafuta hadi mshale wa mizunguko ufike kama 1,500 na ubaki palepale. Ukipanda na kushuka, mguu wa kulia haujatulia. Pandisha klachi hadi pua ya gari ijiinue kidogo na mlio ushuke. Miguu yote miwili igande. Tazama vioo na juu ya bega. Sasa shusha hendibreki. Gari litasimama palepale au litaondoka taratibu. Ongeza mafuta kidogo, malizia klachi.

Likirudi nyuma, umeshusha hendibreki kabla klachi haijashika: kanyaga breki, anza upya. Likizima, umeachia klachi kwa furaha baada ya kushusha hendibreki. Ni makosa mawili tofauti na tiba zake tofauti, kwa hiyo mwalimu anayesema tu "ongeza mafuta" kwa yote mawili hajakusaidia.

Jambo moja la kuuliza mapema: je, gari la mtihani lina mfumo wa kulizuia mlimani? Magari mengi mapya hushikilia breki kama sekunde mbili baada ya kutoa mguu. Ukizoea hilo kisha ukapewa lisilo nalo, utarudi nyuma mbele ya mtahini.

BampaSafi

Tukija uwanjani: mimi nasema mwanafunzi apewe alama za kukariri tu. "Koni ya pili ikionekana kwenye kona ya kioo, zungusha usukani mara moja na nusu." Anakariri, anapita, ukurasa unafungwa. Kuelewa atakuja kuelewa mbele ya safari.

MwalimuWaKoni

Mkuu BampaSafi, njia hiyo inapitisha watu wengi na inaangusha wengi vilevile.

Alama ya kioo inategemea vitu vinne: urefu wa mtu, kimo cha kiti, jinsi kioo kilivyotegeshwa, na gari lenyewe. Kiti kikisogezwa sentimita tano, koni haionekani tena palepale. Na "mara moja na nusu" ni ya gari hilo tu. Magari mengi madogo usukani unazunguka kama mara tatu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, lakini yapo ya mbili na nusu na yapo ya tatu na nusu. Mtu aliyekariri akipewa gari lingine, au koni zikiwa zimesogezwa hatua moja, hana pa kuanzia.

Alama zitumike kama ngazi. Vipindi viwili vya kwanza kwa alama. Cha tatu, kiti kisogezwe makusudi na alama zitafutwe upya. Cha nne, mwalimu abadilishe upana wa koni bila kusema. Ukiweza hapo, umeelewa gari linavyogeuka, siyo koni ilipo.

Siri ya uwanjani ni mwendo. Rivasi, klachi pale inaposhika, polepole kiasi kwamba mtu anayetembea angekupita. Mikono iwe na haraka, gari lisiwe na haraka. Wengi wanafanya kinyume.

BampaSafi

Nakubali hoja ya kiti. Basi weka hatua za kupaki sambamba katikati ya magari mawili, maana ndizo zinazoulizwa kila siku.

MwalimuWaKoni

Nafasi iwe angalau urefu wa gari lako na nusu yake.

Simama sambamba na gari la mbele, kati yenu pawe na nusu mita hadi mita moja, bampa zenu za nyuma zilingane. Tazama pande zote pamoja na nyuma kwa macho yako, siyo vioo peke yake. Anza kurudi taratibu huku ukizungusha usukani wote kuelekea ukingo wa barabara. Gari likiwa limelala nyuzi 45 hivi (kwenye kioo cha upande wa barabara utaliona gari la nyuma uso wake wote) nyoosha usukani. Endelea kurudi hadi kona ya bampa yako ya mbele iwe imelivuka bampa la gari la mbele. Hapo ndipo unazungusha usukani wote upande wa pili, na pua inaingia. Likiwa sambamba na ukingo, nyoosha, simama. Sentimita 30 kutoka ukingoni au pungufu ni nzuri, lakini soma kanuni za mtihani wako.

Tairi la nyuma likigonga ukingo, ulichelewa kunyoosha. Pua ikitaka kugonga gari la mbele, uliwahi kugeuza. Umeishia mbali na ukingo? Ama ulianza mbali mno, ama hukufika nyuzi 45.

Na hili wengi hawalioni: unapoanza kurudi na kona, pua ya gari inatoka nje kwenda katikati ya barabara. Mtahini anasubiri kuona kama umegeuza kichwa upande huo kabla ya kuzungusha usukani. Gari linaweza kuingia vizuri kabisa na bado ukafeli hapo.

DadaWaRivasi

Asante. Na wale wa otomatiki?

GiaYaTatu

Toa masaa ya klachi na gia, mengine yote yabaki. Mguu mmoja tu ndio unafanya kazi, wa kulia. Wa kushoto ukiingia kwenye breki, utakanyaga kwa nguvu za klachi na aliye nyuma yako atakuja kukusalimia. Na angalia leseni: nchi nyingi, ukifanyia mtihani otomatiki huruhusiwi kuendesha manyuali mpaka ufanye mwingine.

KiooChaPembeni

Turudi barabarani, maana hapa tumeshinda uwanjani kama vile mtihani unaishia huko.

Kuangalia ndiko kunakoangusha watu ambao mikono na miguu yao iko vizuri kabisa. Kanuni: vioo kabla ya indiketa, kabla ya kupunguza au kuongeza mwendo, kabla ya kubadili mwelekeo. Kioo cha ndani kwanza, kisha cha upande unaokwenda. Kabla ya kubadili leni au kuondoka pembeni ya barabara, geuza shingo utazame juu ya bega, kwa sababu pikipiki nzima inajificha pale ambapo vioo vyote vitatu havifiki. Wapo wanaotoa indiketa kwanza ndipo wanatazama. Hiyo ni kutangaza uamuzi kabla ya kuufanya.

Zoezi: endesha ukisema kwa sauti unachoona na utakachofanya. "Kioo, hakuna mtu nyuma. Mtoto kushoto, napunguza. Taa imekuwa ya kijani muda mrefu, inaweza kubadilika." Dakika kumi katika kila kipindi. Inachosha kuliko unavyodhani, lakini mwalimu anajua papo hapo ulichokosa kuona. Bila hivyo anabaki kubahatisha kwa kutazama shingo yako.

Umbali: sekunde mbili nyuma ya gari la mbele barabara ikiwa kavu, nne ikiwa imelowa. Chagua nguzo, gari la mbele likiipita anza kuhesabu. Hesabu yenyewe ni hii: mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka imekula mita 14 kabla hujagusa breki, na breki nzuri kwenye lami kavu inahitaji nyingine 14 hivi. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne.

Kwenye alama ya SIMAMA, magurudumu yasimame kabisa. Kutambaa kwa gia ya kwanza siyo kusimama, hata kama barabara ni tupu hadi upeo wa macho.

UsukaniMpya

Wakuu mmenifungua sana. Maswali mawili ya mwisho. Mtu akikosa wiki kumi na moja, anaweza kubana masaa 40 ndani ya wiki moja? Na atajuaje kwamba yuko tayari?

MwalimuWaKoni

La kwanza: masaa sita kwa siku kwa siku saba hayafanani na masaa 40 ya wiki kumi na moja. Baada ya dakika 90 hivi umakini wa anayeanza unashuka, na ujuzi wa mwili unakaa vizuri ukipata usingizi katikati ya vipindi. Pia wiki moja haikupi hali ya hewa tofauti wala saa tofauti za msongamano. Ukilazimika kubana, nenda vipindi viwili kwa siku, asubuhi na jioni, dakika 75 kila kimoja, kwa wiki mbili na nusu au tatu. Chini ya hapo sikushauri. Pengo refu nalo ni hasara: ukikaa wiki mbili bila kugusa gari, tenga kipindi kizima cha kurudisha klachi na kupaki.

La pili: fanya mtihani wa majaribio, dakika 40. Mwalimu atoe maelekezo ya njia tu, ashike karatasi na kalamu, asiguse kitu. Akigusa usukani au breki, umefeli. Akisema hata "angalia", umefeli. Njia iwe ngeni kwako, siyo ile mnayopita kila siku. Ukipita mitatu mfululizo, siku tofauti, weka tarehe. Ukipita mmoja ukafeli mmoja, bado.

GiaYaTatu

Naunga mkono, na moja kati ya hiyo mitatu uifanye na mwalimu asiyekujua. Mwalimu wako ameshazoea makosa yako, hayaoni tena.

SahaniYaKlachi

Mimi nimalizie siku yenyewe. Viatu viwe vilevile vya mazoezini, soli nyembamba, isiyoteleza. Ukibadili soli, klachi inashika mahali papya kwa hisia za mguu wako.

Panda, tegesha kiti kabla ya vioo, siyo baada. Klachi ikiwa chini kabisa, goti la kushoto libaki limekunjika kidogo. Mabega yakiwa yameegemea kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Kisha vioo, kisha mkanda. Omba kuisikia klachi mara moja gari likiwa limesimama, kama inaruhusiwa.

Mguu ukitetemeka, na utatetemeka, bandika kisigino sakafuni na uondoke polepole kuliko kawaida.

Gari likizima, mara nyingi hiyo siyo mwisho. Klachi na breki chini, hendibreki kama uko mlimani, washa, gia ya kwanza, VIOO, ndipo uondoke. Wanaoangushwa na kuzima ni wale wanaowasha kwa pupa na kuchomoka bila kutazama nyuma.

UsukaniMpya

Nimenakili kila kitu. Wa mwisho kabisa: jioni ya kuamkia mtihani, kufanya mazoezi au kupumzika?

MwalimuWaKoni

Dakika 45, mchana siyo usiku, kwenye gari lilelile la mtihani kama unaweza kulipata. Mlima mara tatu, kupaki mara mbili, mzunguko mmoja barabarani. Ukikosea kitu, kirudie kikae sawa mara moja, kisha zima gari. Usianze kujifunza jambo jipya siku hiyo.